Barua kwa Mpwa Wangu Juu ya Betri ya Redio

Raskazone, Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na ndani yake nimesoma furaha uliyo nayo kwa kupata leseni ya redio ya ridhaa, pamoja na azma yako ya kuipandisha redio hiyo Lushoto, uketi karibu na jabali la Irente uzungumze na walimwengu. Umeniuliza ununue betri gani. Lakini barua nzima yazisifu betri na haisemi neno hata moja mintarafu ya ulaji wa redio yenyewe, nami siwezi kukuchagulia pipa kabla hujaniambia wanywaji ni wangapi.

Redio ya wati 100 uliyoitaja, ikiwa inasikiliza tu, hula kama ampea 1, na ukisema kwa nguvu zake zote hupanda hata ampea 20. Kwa kuwa sauti ya mwanadamu hupanda na kushuka, na baina ya maneno mna mapengo, wastani wa usemi tuuweke ampea 8. Ukikaa mlimani saa 4, ukasikiliza 3 na kusema 1, umekula ampea-saa 11. Redio ndogo ya wati 10, kwa saa hizo hizo, haitakula zaidi ya 3 au 4. Na mtu akusikilizaye, tuseme huko Muscat, atapungukiwa na nini? Tofauti yake ni desibeli 10, ambayo katika mita ya redio yake haifiki alama mbili. Mimi ningeichukua ndogo, nikauhifadhi mgongo wangu. Ila wewe u kijana, na vijana hupenda wati.

Sasa tuje kwenye betri. Miaka ya 1970, nilipokuwa ofisa wa redio melini, betri zetu za dharura zilikuwa za risasi na asidi, jamii ile aliyoibuni Mfaransa Planté mwaka 1859, na kila siku nilizipima kwa haidromita, ambayo husoma kama 1.27 betri inaposhiba. Nilizipenda, nazo hazikupata kunihini. Lakini melini betri hukaa mahali pake, haipandi mlima. Nilipokwisha kustaafu, nilidanganywa na mapenzi hayo nikaichukua betri kuukuu ya gari, nikamtwisha kijana mmoja hadi kilimani, na saa ya kwanza haikutimia ila waliokuwa wakinisikia waliniambia sauti yangu yatetema kama ya mgonjwa wa homa. Sababu yake ni kwamba redio hizi hutaka volti 13.8, na chini ya 11.7 hazina dhamana. Betri ya risasi ikishiba na kupumzika husimama kwenye 12.7 tu, na ukiikamua kwa ghafla huporomoka. Fauka ya hayo, ampea-saa zilizoandikwa ubavuni mwake hupimwa kwa kuikamua taratibu muda wa saa 20. Ukiikamua kwa pupa hupungua, jambo ambalo Mjerumani Peukert alikwisha kulieleza mwaka 1897. Tena ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu. Basi kwa zile ampea-saa 11 utahitaji betri ya 22, na hiyo haipungui sana kilo 6 au 7.

Kwa hiyo jawabu langu ni betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma, seli 4 za volti 3.2, jumla 12.8. Ya ampea-saa 12 ina uzito wa kama kilo moja na nusu, na volti zake hubaki karibu na 13 mpaka imekaribia kwisha. Hapo pana hadaa ndogo: voltimita haitakuonya, maana volti hushuka mwishoni kwa ghafla, hivyo nunua mita inayohesabu ampea-saa. Usiichanganye na lithiamu ya simu na kompyuta, ambayo seli zake 4 zikishiba hufika volti 16.8, na redio yako haitaki zaidi ya 15.8. Ulizia pia kibao cha ulinzi kilichomo ndani ya betri huruhusu ampea ngapi. Kikiwa cha 10 na redio ikadai 20, kitakata umeme ukiwa katikati ya neno. Fyuzi iweke karibu na betri, waya uwe mnene na mfupi. Chaja ya sola, ukiibeba, ijaribu kwanza nyumbani, kwani nyingine hutoa mvumo unaofunika kila sauti ya mbali.

Rafiki akikuletea betri kwa ndege kutoka Ghuba, ajue kwamba zaidi ya wati-saa 100 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na hiyo ya ampea-saa 12 ina kama 154. Aibebe mkononi, ncha zake zimefunikwa.

Wala usiamini karatasi iliyobandikwa. Ishibishe betri, iunganishe na balbu ya breki ya gari ya wati 21, keti karibu nayo na kitabu. Ya ampea-saa 12 za haki itaiwasha balbu hiyo kama saa 7. Ikizima baada ya 4, mrudishie muuzaji hima. Usipoitumia muda mrefu, iache nusu, kinyume cha ile ya risasi ambayo hutaka kuwekwa imeshiba, na usiifungie garini juani.

Jumamosi utakayopanda niarifu mapema. Kuanzia saa 5 asubuhi nitakuwa kwenye masafa ya mita 40, maana mchana masafa hayo hutoka Lushoto yakafika Tanga bila taabu. Niite kwa wati 10 kwanza, na nikikujibu uniambie mita yako imehesabu ampea-saa ngapi.

Mimi mjomba wako akupendaye.