Chupa ya Hamira na Samaki wa Ndugu Yangu

Mwanzoni mwa mwaka 2021 ndugu yangu mdogo, ambaye ni askari, alipewa amri ya kwenda Somalia pamoja na kikosi chake. Mkewe na binti yao wa miaka 8 wakaja kukaa nasi hapa Entebbe. Pamoja na magodoro na masanduku walileta tangi la kioo la lita 60, lenye samaki 9 wadogo waitwao gapi na majani ya majini, marefu kama utepe. "Kaka, nakuachia hawa," aliniambia ndugu yangu tulipoagana. "Nikipiga simu, mtoto ataniambia habari zao kwanza, kisha ndipo habari zenu."

Samaki hawakunipa taabu. Taabu ilikuwa majani. Ndugu yangu alikuwa akiyalisha hewa ya ukaa kwa mtambo aliojitengenezea mwenyewe: chupa ya soda ya lita 2, na ndani yake vikombe 2 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha hamira, na maji ya uvuguvugu. Hamira hula sukari na kuigeuza pombe na hewa ya ukaa. Hewa hiyo hupita katika mpira mwembamba, ule wa dripu, mpaka kwenye kikombe kidogo kilichofudikizwa majini, nayo huyeyuka humo polepole. Mchana mmea huichukua na kujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga, ukatoa oksijeni. Somo hilo nililifundisha miaka 3 kabla sijaingia katika kazi ya ofisi, na ubaoni halikuwahi kunishinda.

Wiki ya tatu viputo vilikoma. Nikakoroga mchanganyiko mpya kwa haraka, kwa maji ya birika, nikaiua hamira papo hapo. Maji yanayofaa ni yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Mara ya pili mchanganyiko ulitoa povu vizuri, lakini majini hakikutoka hata kiputo kimoja. Nikaona hamira ni mvivu, nikaongeza kijiko kizima. Povu likazidi, viputo vikaja vichache, vya kubahatisha.

Jioni ile jirani yetu, afande wa polisi, alisimama barazani akanusa. "Mwalimu, siku hizi unapika pombe?" Tulicheka, ila yeye hakuliacha jambo lile. Aliniuliza harufu inatokea wapi ikiwa chupa imefungwa. Nami sikuwa na jibu. Akaomba maji ya sabuni, akapaka kwenye kizibo, na pale mpira ulipoingilia pakavimba mapovu. Gundi niliyoipaka haishiki plastiki ya vizibo vile. Naam, chupa ikichemka na tangi likawa kimya, hewa ina njia nyingine, na hamira haina kosa lolote. Tukatoboa kizibo kipya, tundu dogo kidogo kuliko mpira, tukakata ncha ya mpira mshazari, tukaivuta kwa koleo mpaka ikapita. Mpira ulijibana wenyewe bila gundi. Viputo vikatiririka, mtoto akapiga makofi, tukaenda kulala.

Alfajiri aliniamsha yeye. "Baba Mkubwa, samaki wanakuja juu wote."

Walikuwa juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Wawili walilala chini ubavu. Ile hamira niliyoiongeza kwa ajili ya chupa yenye kuvuja sasa ilikuwa katika chupa isiyovuja, na hamira haijui usiku. Mmea, giza likiingia, hauichukui tena hewa ya ukaa. Wenyewe huvuta oksijeni kama sisi. Usiku kucha yale maji yalikuwa yakijaa hewa ambayo hakuna aliyeihitaji. Umeme nao ulikuwa umekatika, pampu ya hewa imezima.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kile kigurudumu cha kubania dripu. Mke wa ndugu yangu akanishika. "Shemeji, usibane! Chupa itapasuka. Toa mpira majini." Nikautoa. Tulibadili theluthi ya maji kwa maji ya ndoo yaliyolala tangu jana, kisha kwa nusu saa tukawa tunachota kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Saba waliinuka. Wale wawili tuliwazika chini ya mpera, kwa matakwa ya mtoto.

Tangu siku hiyo nilitumia robo kijiko cha hamira, na chembe ya magadi ya kuokea ili mchanganyiko usichachuke upesi. Theluthi ya chupa niliiacha tupu, na kati yake na tangi nikaweka chupa ndogo ya maji ya kunasa povu, ambamo pia nilihesabu viputo. Chupa kubwa niliiweka juu kuliko tangi, kwa kuwa usiku wa baridi hewa iliyomo husinyaa na huweza kuyavuta maji ya samaki. Kila magharibi mtoto alitoa mpira majini na kuutumbukiza katika kopo la maji, bila kuuziba, asubuhi akaurudisha. Viputo vilipopungua baada ya wiki mbili au tatu, hatukuongeza kitu: tulijua sukari imekwisha au pombe imeiua hamira, tukamwaga na kuanza upya.

Ndugu yangu alirudi katikati ya mwaka 2022. Hata kiatu hakuvua. Aliinama mbele ya tangi, akayasifu majani yaliyokwisha kufika juu na kujikunja, kisha akawahesabu wale wakubwa, akawahesabu tena.

"Wawili wako wapi?"

Binti yake akanitazama. "Muulize Baba Mkubwa," akasema.