Wimbo Usipoingia Moyoni

Hapa kwetu Kambove, mji wa machimbo ya shaba, watu huimba arusini, huimba matangani, tena huimba kazini. Katika mji jirani wa Likasi, ulioitwa zamani Jadotville, ndiko Hugh Tracey aliponasa mwaka 1952 gitaa la Mwenda Jean Bosco, likasifiwa hata ng'ambo. Basi mtu asiyeguswa tena na muziki hutushangaza sana.

Mtu wa namna hiyo tunaye katika kwaya yetu. Sauti yake nene ndiyo tuliyoifuata sote. Wakati wa mvua alianza kunyamaza. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamchukiza. Alituambia: «Wimbo nausikia, tena naujua wote, lakini hauingii.» Wengine wakanena kwamba ana kiburi, wengine wakamtafuta aliyemroga. Ndugu zake wakampeleka kwa daktari, wakaambiwa kuwa ni sonona, yaani ile huzuni nzito idumuyo majuma mengi.

Yafaa tujue jinsi mambo haya yanavyokwenda. Sauti huingia sikioni, na ubongo huupambanua mwendo wake na sauti zake za juu na za chini. Lakini ndani kabisa ya ubongo iko sehemu nyingine ituleteayo furaha, ileile inayotufurahisha tulapo chakula kitamu. Mwaka 2011 wataalamu wa Montreal, nchini Kanada, walionyesha kwamba tusikiapo wimbo tuupendao mno, hapo hutoka kemikali iitwayo dopamini. Kwa wagonjwa wa sonona, vipimo vimeonyesha kwamba sehemu hiyo yaweza kuitikia kwa unyonge, hata kwa wimbo wanaoupenda wenyewe. Sikio ni zima, akili yautambua wimbo, ila furaha haiji. Ndivyo ilivyo taa ambayo waya umeifikia, lakini umeme ni hafifu.

Wagonjwa nao si sawa wote. Kuna anayepata nafuu kwa muziki, na kuna ambaye wimbo wa huzuni humzamisha zaidi katika mawazo yake. Twakumbuka jinsi kinubi cha Daudi kilivyomtuliza mfalme Sauli. Lakini tusisahau kwamba siku nyingine Daudi alikuwa akipiga kinubi, na Sauli akamtupia mkuki.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, tusimlazimishe mgonjwa aimbe au acheze ili aonekane amepona, wala tusimwite mvivu. Tuketi naye, tumsikilize, tumpeleke atibiwe. Mjini Lubumbashi kipo kituo cha Joseph Guislain kwa magonjwa ya akili. Matibabu yapo: mazungumzo na mtaalamu, na dawa pia, na kwa wengi utamu wa nyimbo hurudi polepole. Akinena habari ya kujiua, asiachwe peke yake hata saa moja, bali apelekwe hospitali mara. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.