Kuku hataki blanketi, jamani!

MWEZI wa sita ukibisha hodi hapa Njombe, hakuna cha mtanashati wala mzee, wote ni makoti tu. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukifungua mdomo asubuhi unatoa moshi kama umevuta sigara. Sasa wewe kijana mwenzangu, umemaliza kidato cha nne, ajira hakuna, umejikusanyia vikuku vyako nyuma ya nyumba. Unafanyaje?

Wengi tunawaonea huruma. Madirisha ya banda tunayaziba kwa viroba, nyufa tunazipachika matambara, mlango tunaukomea mapema. Baada ya siku chache kuku wanakoroma mafua, nasi tunalaumu baridi. Si baridi, mshikaji wangu. Ni huruma yetu!

Kuku ana koti lake. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, letu sisi ni 37. Usiku anatutumua manyoya, hewa inanaswa humo, mambo yanakuwa mswano. Lakini koti likilowa, kwisha kazi. Kuku wanapumua usiku kucha na kinyesi kinatoa unyevu na amonia, ile hewa inayochoma macho. Banda likizibwa, vyote vinabaki humo humo na mapafu ya kuku yanaumia.

Mimi na mama tuligombana sana kwa hili. Mayai ya kuku wetu ndiyo madaftari na sare za mdogo wangu, hivyo kila mmoja alikuwa na wasiwasi wake. Mimi naacha wazi nafasi yenye wavu juu, karibu na bati. Yeye usiku anaiziba kwa kitenge chakavu. "Wewe mtoto una roho ngumu, viumbe wa watu watakufa!" Siku moja alfajiri, kitenge kikiwa bado pale pale, nikamwomba, "Mama, hebu ingia kwanza wewe." Hakumaliza dakika mbili. Alitoka machozi yanamtiririka, akakichomoa kitenge mwenyewe.

Basi siri ni hii: juu pawe wazi hewa itoke, chini pazibwe upepo usiwapige kuku waliolala. Sisi tumeziba kwa mabanzi. Sakafuni mwaga maranda ya kutosha, kama nusu futi hivi. Huku kwetu mashine za mbao ni nyingi, ni wewe na kiroba chako tu. Yageuze kila asubuhi, yaliyolowa toa nje. Pa kulalia weka ubao wa mbili kwa nne, upande mpana ukiwa juu, ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole. Jioni warushie punje za mahindi, maana tumbo likisaga chakula usiku linatoa joto. Asubuhi wape maji ya uvuguvugu.

Vifaranga ni habari nyingine. Hao hawana koti bado. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka waote manyoya. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakirundikana kwenye taa wanasikia baridi; wakikimbilia pembeni na kuhema, umewachoma; wakitawanyika na kula, hapo sawa.

Ila jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hapana! Dogo wetu aliwahi kubeba mkeka na jiko akalale na vifaranga, "niwachunge, kaka." Nilimrudisha mlangoni. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Inaondoka na vifaranga na mchungaji wao. Alininunia siku mbili, lakini sikujali. Vifaranga vinanunuliwa, mdogo wangu hauzwi popote.

Kwa hiyo kabla hujajifunika blanketi lako leo, pitia bandani. Inama mpaka usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakichoma, chomoa hayo matambara. Wiki njema!