741 si mbovu, mfereji wake ni mwembamba

Wanangu, wacha niseme hili wazi: opampu zote si sawa, na aliyekwambia hivyo alikuwa anakuuzia iliyobaki dukani. Nimechoka kusikia 741 ikitukanwa kwa makosa yasiyo yake. Nimechoka zaidi na mtu anayesifu TL071 na hajui anaisifia nini.

Kwa anayeanza: opampu ni kichipu cha miguu minane. Ina milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea. Inachukua tofauti ya volti kati ya ile milango miwili na kuikuza, na 741 huikuza kiasi cha mara 200,000. Hakuna anayetaka ukuzaji wote huo, kwa hivyo unarudisha sehemu ya kilichotoka hadi kwenye mlango wa kutoa kupitia resista mbili. Hizo resista ndizo zinazoamua ikuze mara 10 au mara 20. Hapo ndipo chuo kilipotuachia, mwaka wa pili, kabla karo haijanishinda. Opampu kamili, ukuzaji usio na mwisho, kasi isiyo na mwisho. Tukakariri, tukafanya mtihani. Yaani kasi isiyo na mwisho! Hakuna hata siku moja tuliyoiweka mezani tuone inashindwa wapi.

Inashindwa kwenye kitu kinaitwa sluureti: kasi ya juu kabisa ambayo volti ya kutokea inaweza kupanda au kushuka. Ya 741 ni nusu volti kwa kila mikrosekunde moja. Ya TL071 ni 13.

Sisi watu wa Taru mambo ya maji tunayajua, kwa hivyo fikiria mtungi wa lita 20. Ukishafungua mfereji mpaka mwisho, maji yatapanda kwa kasi ya bomba, hata ukipiga kelele namna gani. Ndani ya 741 kuna kakapasita ka pikofaradi 30, na mkondo wa kukajaza ni mikroampea kama 15 tu. Gawanya 15 kwa 30 upate ile nusu. Ukiiletea ishara kali zaidi, mkondo hauongezeki, mfereji umeshafunguliwa wote.

Na hako kakapasita si uzembe. Opampu ya kabla yake pale Fairchild, 709 ya mwaka 1965, ilihitaji ufunge vifaa vyako nje la sivyo inaanza kutetemeka yenyewe. Mwaka 1968 Dave Fullagar akatoa 741 ikiwa na kapasita ndani. Ndiyo maana dunia nzima iliipenda: unaitia, inatulia. Bei yake ndiyo hiyo kasi.

Sasa hesabu moja tu, msikimbie. Masafa ya juu kabisa ambayo opampu inaweza kutoa bila kuharibu umbo ni sluureti ukigawanya kwa 6.28 mara kilele cha volti. Kwa kilele cha volti 10, 741 inaishia karibu 8,000 Hz. TL071 inafika 200,000 na kitu. Lakini kwa kilele cha nusu volti, ileile 741 inafika 159,000 Hz kwa sluureti. Umeona? Kwa sauti ndogo haina shida. Ndio maana watu wanabishana na wote wako sahihi.

Mimi nililielewa hili kwa kayamba, si kwa kitabu. Miksa za kuungaunga ambazo naletewa nitengeneze, besi inatoka safi, mwimbaji safi, lakini kayamba likikaribia maiki linageuka mchanga kwenye bati. Mwenye miksa anasema spika imekufa. Punguza triboo kabla ya ile hatua: uchafu ukiisha na besi imebaki na nguvu zake, angalia opampu kabla hujampeleka mtu kununua spika. Ingekuwa volti zimegonga dari, besi nayo ingechafuka.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua betri mbili za volti 12, zifunge mfululizo, katikati pawe ndio sifuri. Funga 741 ikuze mara 20. Simu yako itoe mlio wa 15,000 Hz, kilele kama nusu volti. Mimi natumia oskiloskopu ndogo ya kuunga mwenyewe, DSO138. Wimbi la duara linaingia, pembetatu inatoka. Chomoa 741, chomeka TL071, miguu inalingana. Wimbi linarudi.

Baba bado ananiita injinia mbele ya watu, na mimi huwa sijui niangalie wapi. Anataka nirudi chuo. Pesa za miksa naziweka, kwa sasa hazijafika hata nusu ya muhula, na sitamdanganya kwamba zimekaribia. Lakini juzi nilimwonyesha ile pembetatu. Akaangalia muda mrefu, akauliza, "Kwa hivyo haiwezi, au haitaki?" Miaka miwili darasani sikuwahi kusikia swali zuri kama hilo. Nikamwambia haiwezi, na nikamchorea mtungi.

Ukijaribu nitumie picha. Na useme betri zako zilikuwa na volti ngapi, manake betri za pikipiki zilizochoka zitakugongesha dari halafu uje kulaumu 741.