Kiwira: Baridi, Ndizi na Figo Moja

Baridi ya Kiwira inataka sweta na mtu wa kumkumbatia, wapenzi! Ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, shuka hapo. Daraja la Mungu, jiwe lililovuka Mto Kiwira bila fundi, ni la kutazamwa na wawili.

Sisi tulikuwa na letu. Mume wangu alitaka kumpa kaka yake figo, tukaja kumwambia mama mkwe. Akaendelea kumenya ndizi. Tukamweleza: Muhimbili wanapandikiza tangu Novemba 2017, si lazima India tena, na mtu mzima wa afya anaishi na figo moja.

“Analima?”

Analima, mama, akishapona.

“Mimi nimewazaa wote wawili, msiniulize mimi. Mwulizeni mkewe.”

Wakanitazama. Nikachukua kisu, nikamenya ndizi.