Ajuaye Samaki Walipo

Mvuvi mgeni akifika kwenye mto asioujua huwa na swali moja tu: samaki wako wapi? Nimeliuliza mara nyingi huku Nyakatuntu na kwingineko Karagwe na Kyerwa, kandokando ya Mto Kagera. Kila nilipoliuliza nilizidi kuamini kwamba ni swali la siasa, ndugu msomaji, ingawa limevaa nguo za uvuvi.

Mto una alama zake, na mwenye subira huzisoma. Tazama mahali kijito kinapoingia mtoni, kwani mvua zinapoanza maji mapya huleta chakula na samaki huyafuata. Tazama maji yaliyotulia chini ya maporomoko, ambako samaki anayepanda hupumzika. Tazama kingo zenye mafunjo, makao ya kambare na kamongo. Na kabla ya yote, hakikisha kwamba mamba na kiboko hawakukutangulia hapo.

Wavuvi wa pwani ya magharibi ya Marekani humsubiri trauti aitwaye steelhead, anayekulia baharini na kupanda mito wakati wa baridi ili azae. Sisi hatuna majira hayo. Tuna masika na vuli. Lakini tunaye ningu, ambaye Ziwa Viktoria ndilo bahari yake. Mvua zikijaza mito, ningu huliacha ziwa na kupanda Kagera kwenda kuzaa.

Safari hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu za makila zilipoenea katika karne ya 20, watu walijua vema wakati wa kupanda kwake na njia anayopitia. Wakazitega midomoni mwa mito, wakamvua akiwa na mayai tumboni.  Samaki aliyekuwa tegemeo la wavuvi wa mito ya ziwa hili amekuwa adimu. Hakumalizwa na ujinga; alimalizwa na maarifa yasiyo na mpaka.

Ndiyo maana sikushangaa mzee mmoja wa kando ya mto, nilipomwomba anielekeze, aliponijibu kwa swali: "Mwalimu, unatafuta kitoweo au unatafuta mzigo?" Nikasema kitoweo. Akanionesha kona moja, akanyamaza kuhusu nyingine. Wako watakaouita unyamavu huo uchoyo. Mimi nauona kuwa ni utawala: jamii isiyo na boti ya doria hulinda mazalia kwa kuchagua nani aambiwe, lini, na kwa kiasi gani.

Sisemi kwamba siri inatosha. Siri humlinda samaki dhidi ya mgeni, haimlindi dhidi ya mwenyeji mwenye njaa au mwenye tamaa. Tunayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na inahitajika. Lakini Kagera ni mpaka wetu na Rwanda, kisha mpaka wetu na Uganda, na mdomo wake uko Uganda. Ningu anayepanda hadi Kyerwa amekwisha kupita mbele ya nyavu za watu ambao afisa wetu wa uvuvi hana mamlaka juu yao. Sheria ya nchi moja haiwezi kumlinda msafiri wa nchi mbili au tatu.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Wanafunzi, mnapokwenda kukusanya maarifa ya wazee, andikeni majira, dalili za maji na miiko. Msichapishe ramani ya mazalia kwa ajili ya kupata alama za mtihani. Nanyi watumishi wa umma, mkipanga kufunga uvuvi kwa msimu, kaeni kwanza na wanaojua siku ningu anapopanda, na wenzenu wa ng'ambo ya mto wawepo kwenye kikao hicho. Anayejua samaki walipo ana uwezo wa kuwamaliza. Uwezo wa namna hiyo, katika siasa kama katika uvuvi, haupaswi kuachwa bila mwenye kuuwajibikia.