Sukari ya Mama

Desemba ya mwaka juzi nilienda nyumbani Nakuru, nikaketi jikoni kwa mama, nikamiminiwa chai. Nikaonja. Nikanyoosha mkono kuchukua ule mkebe wa sukari ambao umekaa pale dirishani tangu nikiwa darasa la pili. Nilipoufungua nilikuta umejaa vifungo vya mashati.

“Mathe, sukari iko wapi?”

“Niliacha,” akasema bila kuinua macho kutoka kwa pindo alilokuwa akishona. “Inaharibu meno.”

Nikafungua friji nitafute maziwa, angalau nipate ladha ya kitu. Taa haikuwaka. Ndani kulikuwa na pakiti ya unga, nyuzi za cherehani na vitambaa vya wateja vilivyokunjwa vizuri. Friji ilikuwa imegeuka kabati.

“Inakula stima,” akasema kabla sijauliza.

“Uliizima lini?”

“Agosti.”

Agosti ndio mwezi nilimpigia simu nikamwambia karo ya muhula mpya inahitajika. Shida ni kwamba kufikia Agosti mimi sikuwa mwanafunzi wa mtu. Nilikuwa nimeacha chuo tangu Machi.

Wacha nieleze kidogo, na si kwa kujitetea. Nilikuwa mwaka wa tatu na malimbikizo ya karo yalikuwa yamefika 64,000. Mkopo wa HELB ulikuwa unasaidia lakini haukutosha, na chuo kilikuwa wazi kabisa: usipomaliza deni, hufanyi mtihani. Mama alituma 28,000 mwezi wa Januari. Nikaziangalia kwa simu, nikaangalia lile shimo la 64,000, nikajiambia hizi haziwezi kuliziba. Basi nikalipa kodi ya miezi miwili, 13,000. Nikamaliza deni la Fuliza, 3,000. Zilizobaki, 12,000, nikanunua laptopu ya mtumba ya kuandikia, kwa sababu tayari nilikuwa napata vikazi vya kuandika. Machi nikaacha kuhudhuria masomo. Sikumwambia. Septemba akatuma 15,000 zingine, na hizo nilikula tu. Sina hata risiti ya kukuonyesha.

Usiku huo sikulala. Nilipiga hesabu gizani. Hata mtu akiacha sukari na akizima friji miezi minne, hafikishi 15,000. Hata nusu hafiki. Sasa zingine alitoa wapi?

Asubuhi nilimwambia yote. Aliacha kukanyaga cherehani. Akaniuliza kitu kimoja, tangu lini, nikasema Machi, akahesabu miezi kwa vidole. Halafu akaniambia zile 15,000 alikopa kwenye chama. Sukari na friji zilikuwa za kulipa riba.

Nilingoja anipigie kelele. Akasema pole pole, “Mami, shule ni yako. Ukiona haikufai, utajijua. Lakini sukari ni yangu. Ungeniambia ukweli, ningekuwa nakunywa chai yangu tamu.”

Nilirudi Nairobi na deni la 43,000 ambalo hakuna mtu alikuwa amenidai. Niliamua nitakuwa nikimtumia 1,500 kila tarehe tano. Kwa mtu mwenye mshahara hiyo ni pesa ya wikendi moja. Kwa mwandishi anayelipwa kwa makala, na wakati mwingine asilipwe, hiyo ni pesa unatafuta kwa tochi.

Nimesoma makala mengi kuhusu kubana matumizi nyumbani. Mengi huanza kwa kukuambia uache kununua kahawa ya kila siku mjini. Mimi hiyo kahawa nimeijulia kwa dirisha. Nilipoanza kuandika matumizi yangu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, shilingi kwa shilingi, niligundua kwamba sikuwa na anasa yoyote ya kuacha. Pesa zangu zilikuwa zinakufa kwenye vitu vidogo vidogo vya lazima. Makaa ya mkebe, 80 kila siku. Mafuta ya kupima, ya 20. Sukari ya 10. Kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa, 50. Tokeni za stima za 50, halafu kesho kutwa za 50 tena.

Hiyo ndiyo tunaita kadogo, na kila mtu mtaani anajua inavyofanya kazi. Unanunua kidogo kwa sababu una kidogo, na kwa sababu unanunua kidogo unalipa zaidi kwa kila kijiko. Shuleni tuliandika insha tamu sana kuhusu haba na haba hujaza kibaba. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kibaba kinaweza kumwagika haba na haba pia.

Kutoka kwenye kadogo kunahitaji pesa ya kwanza, na hapo ndipo wengi hukwama. Mimi niliuza spika yangu ya muziki kwa jirani, 4,500. Nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichomeo chake, mkono wa pili, 3,000. Kuujaza, 1,200. Zile 300 za mwisho nikaenda Githurai nikanunua gorogoro la maharagwe makavu. Nyumba ikawa kimya bila muziki, lakini ile gesi ilinipikia wiki sita. Makaa ya siku hizo zote yangenila 3,360. Niliirudia hiyo hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Maharagwe nayo yalikuwa na shida yake: yanakula gesi. Nilikumbuka kwamba tukiwa wadogo mama alikuwa na kikapu kikubwa kilichojazwa blanketi kuukuu, anaweka sufuria ndani asubuhi na tukitoka shule tunapata chakula kimeiva. Wakati huo nilikionea aibu. Marafiki wakija nilikisukuma chini ya meza kwa mguu.

Tangu Desemba mama alikuwa ananijibu kwa neno moja. Sawa. Haya. Nimeona. Nikamtumia ujumbe: Mathe, kile kikapu ulikuwa unafanya aje? Hakujibu. Alinipigia simu.

Tuliongea dakika arobaini kuhusu maharagwe. Uloweke usiku kucha, akasema, na yale maji uyamwage. Uchemshe kwa moto mkali nusu saa nzima, usiibe hata dakika. Ufunike vizuri, uweke kwenye kikapu kikiwa na nguo nzito chini, pembeni na juu, halafu uende zako hadi jioni. “Na usifunue kuchungulia. Wewe ni mtu wa kuchungulia.” Nikacheka. Akacheka kidogo pia. Ilikuwa Februari.

Sasa napika nusu kilo, nakula siku tatu. Kwa sababu sina friji, naichemsha upya asubuhi na jioni isichache. Leo na chapati, kesho na mchele, kesho kutwa naongeza mahindi inakuwa githeri. Ukichoka, nunua avokado. Avokado inasamehe mengi.

Mengine nilijifunza kwa kujaribu. Mboga nanunua sokoni jioni, wakati wauzaji wanataka kwenda nyumbani na fungu la 20 linaongezewa majani bila wewe kuomba. Maji ya kufulia hayamwagwi, yanaenda choo. Birika la stima natumia mara moja kwa siku, kila kitu cha moto kinatoka kwenye themosi baada ya hapo. Najaribu kukaa chini ya uniti 30 kwa mwezi, kwa sababu tangu bei zibadilishwe mwaka wa 2023, nyumba inayotumia chini ya hapo hulipa bei ya chini kwa kila uniti. Makala naandika intaneti ikiwa imezimwa, nawasha tu nikitaka kutafuta kitu au kutuma, na nimegundua naandika haraka zaidi. Na Fuliza nilijitoa kabisa. Ile ada yake ya kila siku ni kadogo iliyovaa suti.

Nimekosea pia. Kuna mahali nilijaziwa gesi kwa 900 nikajiona mjanja. Iliisha siku ya kumi na sita, nikiwa katikati ya ugali. Sasa sijazi popote wasipopima mbele yangu. Uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na ukishajazwa lazima mzani uonyeshe kilo 6 juu ya hapo. Wakikataa kupima, beba mtungi wako uende.

Lakini kosa ambalo bado linaniuma ni lingine. Aprili, rafiki yangu tuliyeanza naye chuo alikuja kwangu bila kupiga simu. Alikuwa amefutwa kazi siku hiyo. Aliketi kitandani, kwa sababu bedsita yangu haina kiti cha pili, na akaanza kulia. Mimi, huku nikimwambia pole, nilikuwa nahesabu. Nikimpikia chai ya maziwa ni pakiti nzima. Akikaa hadi usiku, maharagwe ya kesho yameenda. Nikamwambia gesi imeisha. Mtungi ulikuwa umejaa, uko pale nyuma ya pazia. Alikunywa maji, akaenda.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mama yangu alizima friji, akaacha sukari, akageuza nguo zake kuukuu kuwa foronya, lakini sijawahi kuona mgeni akitoka kwake bila chai. Yeye alijinyima. Mimi nilinyima. Kutoka nje zinafanana kabisa, na kwenye kalenda yangu zingeandikwa mahali pamoja, chini ya neno “akiba”. Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia ukweli kuhusu ile gesi. Alinyamaza kidogo, akasema, “Nilisikia harufu ya maharagwe.” Alikuja Jumapili iliyofuata. Tangu siku hiyo kuna pakiti ya majani chai na nusu kilo ya sukari kwenye kabati ambazo ni za wageni, na sipigi hesabu zake.

Sitaki mtu amalize kusoma hapa akidhani maharagwe yatamtoa kwenye shida. Agosti mteja mmoja alikaa na 9,000 zangu kwa miezi mitatu, kila wiki akiniambia zinashughulikiwa. Agosti sikutuma kitu nyumbani. Septemba pia sikutuma. Hata ningeloweka maharagwe ya Kenya nzima, 9,000 hazingetoka kwenye sufuria. Kubana matumizi kunafanya pesa uliyo nayo itembee mbali kidogo. Pesa usiyo nayo haina pa kubanwa. Wale wanaotuambia vijana tungekuwa na nyumba na mashamba kama tungejua kuweka akiba, ningependa waje washike kalenda yangu wanionyeshe mahali nilipotapanya.

Kilichobadilika ni kwamba miezi hiyo miwili nilimpigia mama kabla ya tarehe tano. Nikamwambia sina, na kwa nini. Akasema sawa, na safari hii ile “sawa” ilikuwa na maneno mengine nyuma yake. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na ilikuwa kweli.

Mwezi uliopita, Aprili, nilifikisha miezi kumi na sita tangu nianze. Nimetuma mara kumi na nne, 21,000. Zimebaki 22,000. Bado sijui kama nitarudi chuo. Lile deni la 64,000 liko palepale linaningoja, na siku hizi naandika kazi za kutosha kulipa kodi kwa wakati. Mama hajauliza. Nikipata jibu, atakuwa mtu wa kwanza kulisikia.

Pasaka nilienda Nakuru na kilo mbili za sukari kwenye mkoba. Nilitaka iwe jambo kubwa. Nilikuwa hata nimepanga maneno ya kusema kwenye matatu. Nikaiweka mezani. Akaitazama, akaigeuza, akatafuta bei.

“Ulinunua ngapi hii?”

Nikamwambia.

“Huku ni shilingi kumi chini,” akasema. “Ungenipigia nikuambie.”

Halafu akachukua ule mkebe, akamwaga vifungo kwenye bakuli, akaupangusa kwa khanga yake na kuujaza sukari. Alitia vijiko viwili kwenye chai yake. Friji bado imezimwa, anasema amezoea, na kwamba vitambaa vya wateja vinakaa vizuri humo ndani bila vumbi. Sikubishana naye. Tulikunywa chai hadi themosi ikaisha.